Magaga, Saluni na Miguu Yangu: Ya Kujua Kabla Hujakaa Kwenye Kiti

Swali ni kama saluni kweli huondoa magaga na ngozi ngumu ya miguu. Nianze na jibu, kwa kuwa anayeitafuta habari hii huenda kisigino kinamuuma sasa hivi. Ndiyo, saluni huondoa ngozi ngumu ya miguu. Unainuka kwenye kiti ukiwa na unyayo laini, na ulaini huo ni wa kweli. Lakini ni wa siku chache, au wiki chache ukiutunza sana, kisha ngozi hurudi palepale ilipokuwa. Nimezipitia njia karibu zote zinazotolewa saluni, moja baada ya nyingine, na baadhi ziliniachia maumivu kuliko magaga yenyewe.

Kazi yangu ni ya kusimama kutwa, tena juu ya sakafu ngumu. Kwa miaka mingi nilivaa viatu vya wazi kwa nyuma kwa sababu ni vyepesi na miguu haipati joto. Visigino vilianza kwa kukauka tu, vikawa na rangi ya kijivu pembezoni, ikaja mistari myembamba, halafu ile mistari ikafunguka. Mwenye magaga ya kweli anajua kwamba hapa siongelei urembo. Ufa ukishapita ngozi iliyokufa ukaingia kwenye ngozi hai, kila hatua ni kama kukanyaga kipande cha chupa. Unaanza kutembea kwa kukanyagia upande, na muda si mrefu goti na kiuno navyo vinadai haki yao. Halafu kuna aibu, ile ya kutafuta pa kuificha miguu unapotakiwa kuvua viatu mbele za watu. Aibu ndiyo iliyonipeleka saluni, maumivu yalikuja nyuma yake, na nadhani wengi wetu tunaingia hivyo.

Huduma ya kwanza ilikuwa ile ya kawaida. Miguu ililowekwa kwenye beseni la maji ya vuguvugu yenye sabuni, ikasuguliwa kwa msasa wa miguu na jiwe, ikapakwa skrabu ya chembechembe, ikaoshwa, ikakandwa kwa losheni. "Dada, miguu hii umeitesa," mhudumu aliniambia, kwa upole kabisa, na nusura nilie kwa sababu hakuna aliyewahi kuishika miguu yangu bila kukunja uso. Nilipotoka nilikuwa nikitembea vizuri. Nyufa ndogo zilikuwa zimepotea, na zile kubwa zilikuwa hazivuti tena nikikanyaga. Kama mtu angeniuliza jioni ile, ningemwambia tatizo limekwisha.

Halikuisha, na sababu yake iko kwenye ngozi yenyewe. Ngozi ya unyayo haifanani na ya sehemu nyingine. Tabaka la juu la ngozi kwenye kope halifiki hata sehemu ya kumi ya milimita, lakini kwenye unyayo hufikia milimita 1.5 hivi hata kwa mtu asiye na sugu. Unyayo una tezi za jasho nyingi sana, ila hauna tezi za mafuta hata moja, ndiyo maana hukauka upesi kuliko mkono au uso. Na ngozi ile inapobanwa au kusuguliwa mahali pamoja kila siku, hujibu kwa kutengeneza seli nyingi zaidi na kuzirundika juu kama kinga. Rundo hilo ndilo sugu. Msasa huliondoa rundo, lakini kesho yake uzito ni uleule, sakafu ni ileile, viatu ni vilevile, na ngozi inaendelea na kazi yake kama kawaida.

Visigino vina jambo lao la ziada. Chini ya mfupa wa kisigino kuna mto wa mafuta unaobeba uzito wetu. Ukisimama, mto huo hutanuka kwenda pembeni. Kiatu chenye ukuta nyuma huuzuia kiasi, cha wazi hakiuzuii. Ngozi laini hufuata mtanuko huo bila shida. Ngozi nene iliyokauka haiwezi kuvutika, hivyo hupasuka. Ndiyo maana nyufa hukaa ukingoni mwa kisigino wala si katikati. Nilipolielewa hili niliviangalia viatu vyangu vya kazini kwa jicho jingine kabisa.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Kabla yake nilikuwa mteja wa kudumu. Kila magaga yaliporudi nami nilirudi, na kadiri nilivyorudi ndivyo nilivyoshawishiwa kuchukua huduma yenye nguvu zaidi. Niseme wazi kuhusu pesa: nilichokuwa nikilipa kwa msimu mmoja kingetosha jozi nzuri ya viatu vya kusimamia, viatu ambavyo nilikuwa nikijiambia kila mara kwamba bado sijaviweza.

Huduma ya nguvu ya kwanza ilikuwa wembe, ule unaowekwa kwenye kishikio maalumu na kuparua ngozi vipande vipande. Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu wembe ndio unaovutia kuliko yote. Matokeo yake yanaonekana papo hapo, unaona ngozi inavyodondoka kwenye taulo na unajisikia kama mzigo umetuliwa. Ngozi iliyokufa haina neva, kwa hiyo huhisi chochote. Na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa hakuna kinachokuonya kwamba tabaka lililokufa limekwisha na sasa unakatwa mwenyewe. Mhudumu wangu alipita mpaka huo upande mmoja wa kisigino. Damu haikuwa nyingi. Alibonyeza pamba, akaniambia ni kawaida, na kwa siku kadhaa nikawa natembea na kidonda ndani ya kiatu, mahali ambapo kila hatua hukifungua upya. Jimbo la California nchini Marekani haliruhusu kabisa saluni kutumia kifaa chenye makali ya wembe kuondolea sugu, na si jimbo pekee lenye katazo hilo. Mtaalamu wa tiba ya miguu hutumia kisu kwa kazi hiyohiyo, ni kweli, lakini amesomea tabaka hizo, kisu chake kimetakaswa, na anajua ni nani hapaswi kukatwa.

Kipo kitu kingine kuhusu kukata sana. Ngozi nene ya unyayo si uchafu, iko pale kwa kazi. Mwaka 2019 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti uliowapima watu wa Kenya na Marekani, wengine wazoefu wa kutembea peku na wengine wa viatu, ukaonyesha kwamba sugu nene za watembea peku huulinda mguu bila kuupunguzia uwezo wa kuhisi ardhi. Mimi nilikuwa naiona ngozi ngumu yote kama adui wa kung'olewa. Siku hizi naitofautisha. Iliyo nene lakini laini na isiyouma naiacha. Ninayoishughulikia ni ile iliyokauka hadi inapasuka, au iliyorundikana sehemu moja hadi yenyewe inakuwa kokoto ndani ya kiatu.

Baada ya wembe nilihamia saluni nyingine, na huko wakanipaka dawa ya maji ya kulainishia sugu. Dawa za namna hii huwa na asidi au kemikali nyingine inayovunja viungo vya keratini, protini inayoifanya ngozi kuwa ngumu. Hufanya kazi, tena haraka. Shida ni kwamba haitambui ngozi iliyokufa na iliyo hai. Ikiingia kwenye ufa uliofunguka inachoma vikali, na mhudumu akipokea simu au akimhudumia mteja mwingine huku dawa iko kwenye mguu wako, dakika zinapita na ngozi inazidi kuliwa. Ukikubali huduma hii, uliza dawa inakaa muda gani, uangalie saa mwenyewe, na useme mara moja ikianza kuwasha. Kama una ufa wenye damu, usikubali kabisa siku hiyo.

Soksi za plastiki zenye majimaji ya asidi za kuchubua ngozi nilizijaribu pia. Unavaa kwa muda ulioandikwa, unaosha, unaona hakuna kilichotokea. Baada ya siku kadhaa nyayo zinaanza kubanduka, na zinaendelea kubanduka wiki nzima au zaidi. Kwa ukavu wa kawaida zilinifaa kuliko nilivyotarajia. Kwa sugu nene ya chini ya vidole hazikugusa kitu. Usiivute kwa mkono ngozi inayobanduka, kwani huondoka na ile ambayo haijawa tayari.

Kuhusu samaki wanaokula ngozi, nilikataa, na nashukuru. Wale ni samaki wadogo wanaoitwa Garra rufa, asili yao ni mito ya Uturuki na nchi jirani za Mashariki ya Kati. Hoja yangu ni rahisi: wembe au msasa unaweza kubadilishwa, na vifaa vya chuma vinaweza kutakaswa, kati ya mteja na mteja, samaki hai hawezi. Maji ni yaleyale, samaki ni walewale, na aliyetangulia hujui alikuwa na nini miguuni. Majimbo kadhaa ya Marekani yamepiga marufuku huduma hiyo kwa sababu hizo.

Maji ndiyo sehemu ambayo wateja hatuiangalii kabisa. Mwaka 2000, saluni moja ya kucha huko California iliwaambukiza wateja zaidi ya 100 majipu yasiyopona upesi miguuni. Bakteria aliyehusika aliitwa Mycobacterium fortuitum, na wachunguzi walimkuta kwenye mabeseni yenye mashine ya kuzungusha maji, nyuma ya vichujio, ambako nywele na mabaki ya ngozi yalikuwa yamejikusanya. Wengi wa walioathirika walikuwa wamenyoa miguu kabla ya kwenda, kwa kuwa kunyoa huacha mikwaruzo midogo ambayo ni mlango tosha kwa vijidudu. Tangu niijue habari hiyo sinyoi miguu siku ya kwenda saluni wala siku iliyotangulia, na nachagua beseni la kawaida lisilo na mashine, ambalo naliona likisuguliwa kwa macho yangu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonigeuza. Mguu wangu wa kulia ulikuwa haushiki matibabu. Wa kushoto ukilainika, wa kulia unakuwa na ungaunga mweupe kwenye mistari ya unyayo, ngozi inabanduka hadi pembeni mwa mguu, na kati ya kidole kidogo na jirani yake panawasha. Wahudumu wote walinijibu mamoja: "Ni ukavu tu, dada, tusugue zaidi." Nilikwenda hospitali kwa sababu ya ule muwasho, si kwa sababu ya magaga. Daktari wa ngozi alikwangua unga kidogo kwenye unyayo, akautazama kwa hadubini, na jibu likawa fangasi. Kuna aina ya fangasi ambayo haileti malengelenge wala harufu. Inaufunika unyayo mzima kwa ngozi kavu na nene, na kwa macho ya kawaida huwezi kuitofautisha na magaga. Msasa hauitibu hata siku moja. Kinyume chake, msasa uliopita kwenye mguu wenye fangasi unaweza kuipeleka mguu wa pili, au kwa mteja anayefuata.

Nilikasirika sana siku ile. Niliwaza mabeseni yote niliyoingiza miguu, na watu waliokaa baada yangu. Lakini mhudumu wa saluni hana hadubini, na si kazi yake kutambua ugonjwa. Ndiyo maana nasema kwa msisitizo: ngozi ngumu ikiwa ya mguu mmoja kuliko mwingine, ikiwasha, ikiwa na ungaunga, au ikigoma baada ya wiki kadhaa za matunzo mazuri, peleka mguu kwa daktari kabla ya kuulipia tena saluni. Pumu ya ngozi na soriasisi, ugonjwa wa ngozi wa magamba, nazo huja kwa sura hiyo. Na kama ni kipande kidogo kigumu chenye vidoa vyeusi, kinachokatiza mistari ya ngozi na kuuma zaidi ukikiminya kutoka pembeni, huenda ni chunjua. Chunjua huletwa na virusi, na kuikata ni kuisambaza.

Daktari yuleyule ndiye aliyeniuliza swali ambalo hakuna saluni iliyowahi kuniuliza: "Unavaa viatu gani?" Sugu yangu ya chini ya dole gumba ilitokana na kiatu chembamba mbele, na magaga yalitokana na visigino kukaa wazi. Nilibadilisha viatu vya kazini. Nikachukua vyenye ukuta nyuma, nafasi mbele, na soli ya ndani yenye mto. Sitasema kwamba miguu ilibadilika kesho yake. Ngozi huchukua mwezi au zaidi kujisukuma kutoka chini hadi juu, na ya unyayo haina haraka. Lakini kwa mara ya kwanza sugu iliondoka bila kurudi kwa unene uleule.

Nyumbani ninachofanya sasa ni kidogo, na sikibadilishi. Naloweka miguu dakika chache tu kwenye maji ya vuguvugu. Kuiloweka muda mrefu huilainisha kwa saa moja kisha huiacha kavu kuliko mwanzo. Nasugua kwa jiwe kwa upole, kuelekea upande mmoja, mara chache kwa wiki, na naacha kabla ngozi haijawa nyekundu. Kisha, ngozi ikiwa bado na unyevu, napaka krimu yenye yurea. Soma asilimia kwenye kopo: yurea ya asilimia 10 hivi hushika maji kwenye ngozi, na kuanzia asilimia 20 kwenda juu huanza kuyeyusha ule ugumu wenyewe, kwa hiyo zile kali hazipakwi kwenye ngozi iliyopasuka. Juu yake mafuta ya mgando, soksi za pamba, nalala. Mafuta ya mgando peke yake hayaleti maji kwenye ngozi, ila huyazuia yaliyopo yasitoroke, ndiyo maana yakipakwa kwenye kisigino kikavu hayasaidii sana. Ufa uliofika kwenye damu naufunika kwa plasta hadi ufunge, bila kuusugua.

Na saluni? Bado naenda, mara chache, kwa raha ya kukandwa miguu na kwa kucha. Naingia na mfuko wangu wenye msasa na jiwe langu. Msasa na jiwe vina vitundu ambavyo havisafishiki kikamilifu, hivyo vinapaswa kuwa vya mtu mmoja au vitupwe. Vifaa vya chuma nauliza vimetakaswa vipi. Jibu linalonitosha ni mashine ya mvuke wa shinikizo, ile ya hospitali, inayofikisha nyuzi 121 na kuendelea, au angalau kuoshwa kwanza kisha kuzamishwa kwenye dawa ya kuua vijidudu kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Kisanduku chenye taa ya buluu hakitoshi. Mhudumu mzuri hakasiriki ukimuuliza, na anayekasirika ananisaidia kuamua. Mwanzoni kabisa namwambia: "Dada, wembe hapana, dawa ya sugu hapana, sugua kidogo tu." Sijawahi kukataliwa.

Nimebakiza jambo moja, nalo ndilo lililonisukuma kuandika. Shangazi yangu ana kisukari. Nilikuwa nimepanga kumpeleka saluni kama zawadi, tukae viti viwili pamoja, apumzishe miguu yake iliyotulea. Nilipomtajia daktari mpango huo alinizuia palepale. Kisukari kikikaa muda mrefu huharibu neva za miguu, mtu akaacha kuhisi joto, mkato na muunguzo. Damu nayo huweza kupungua kufika miguuni, hivyo kidonda kidogo hakiponi, na kidonda kisichopona ndicho kinachoishia kwenye kukatwa mguu. Kwa mtu kama yeye, ule mkato wangu wa wembe, ambao mimi niliulalamikia siku kadhaa, ungeweza kuwa mwanzo wa msiba. Hata plasta za asidi za kuondolea sugu zinazouzwa dukani bila cheti cha daktari si zake. Hivyo hivyo kwa mwenye kinga dhaifu au mwenye mishipa ya miguu iliyoziba.

Kwa hiyo shangazi sugu zake huondolewa kliniki, na muuguzi huikagua miguu yake kila anapohudhuria. Nyumbani namkagua mimi, kwa sababu macho yake hayafiki vizuri kwenye unyayo: nyuma ya kisigino, chini ya vidole, pembeni mwa kucha. Maji ya kumwoshea nayapima kwa kiwiko changu, wala simwachi ayapime kwa mguu wake. Krimu nampaka juu na chini ya mguu, ila kati ya vidole nakausha tu kwa kitambaa bila kupaka kitu, kwa kuwa unyevu ukikaa pale hukaribisha fangasi. Nikikuta wekundu, lengelenge au ufa mpya, tunapiga simu kliniki siku hiyohiyo.